Mlango wa Filamu ya Tatu

Wifi yangu ameangalia filamu maisha yake yote akiwa amezipa mgongo. Ni fundi wa kushona. Cherehani yake ya miguu iko dirishani kwa sababu anataka mwanga, na televisheni iko ukuta wa pili kwa sababu ndiko soketi iliko. Tangu aolewe na kaka yangu, hakuna kati yao aliyekubali kuhamisha chake. Niliwahi kuwashauri wanunue waya mrefu, wakaniangalia kama mtu aliyewaambia wauze nyumba.

Kwa hiyo yeye alishona na kusikiliza, na kaka, ambaye alikuwa mpima ardhi, akirudi kazini alijitupa kwenye kochi na kumsimulia yale yasiyosikika. "Amegeuka. Anatazama nje. Sasa anavua kofia." Mguu wa wifi ukipunguza mwendo, ujue hapo pamenoga.

Walizozipenda kuliko zote zilikuwa mbili, zimetoka kwenye riwaya moja ya fundi mitambo aliyeachwa na wenzake kwenye sayari isiyo na mtu. Anajijengea chumba cha mabati, anatia mlango, na kila akimaliza kazi anakaa kuutazama, akimngoja mkewe aliyeapa kuja kumchukua. Kitabu chenyewe mimi ndiye niliyempa kaka. Nilikisoma kabla yake na najua kinavyoisha. Mlango haufunguki.

Filamu zenyewe sikuwahi kuziangalia, lakini nilizijua kwa ugomvi wao. Ya kwanza ni ya zamani, haina rangi, na kaka alikiri kwamba mawe ya sayari ni maboksi yaliyopakwa chokaa. Wifi aliipenda hiyo kwa sababu kila kitu kinasikika: nyundo, buti, mtu anayejisemesha peke yake. Ya pili ina rangi na muziki mwingi, na mke anaonyeshwa huku duniani akilia kutwa, wakati kitabuni hana hata sentensi moja. Kaka aliipenda hiyo kwa ajili ya vumbi. Alisema hajaona vumbi zuri namna ile, na yeye vumbi amelila sana kazini.

"Muziki wote huo wa nini?" wifi alikuwa akimwuliza. "Mtu yuko peke yake, nani anampigia?"

Jambo moja tu walikubaliana, nalo ni mwisho. "Zote mbili mlango unafunguka," wifi aliniambia. "Mke amesimama pale, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Hasemi kitu."

"Basi wametia chumvi," nikasema. "Watu wa filamu hawawezi kuacha kitu kilivyo."

Kaka akakohoa, akaniuliza kama nataka chai.

Kaka alifariki mwaka jana. Tangu hapo huwa napita kwa wifi Jumapili mchana, na nisiseme uongo, napita kwa ajili yangu pia, maana sina ndugu mwingine. Kochi bado limebonyea upande wake na sisi wote tunakaa mbali na pale. Siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia anauliza, "Sasa anafanya nini?" Nilipochungulia, alikuwa ameinamia pindo la sketi na televisheni inaendelea nyuma yake. Nilijifanya sikusikia.

Jumapili iliyopita alikuwa na filamu mpya kwenye flashi. Jirani alimwekea. Kitabu ni kile kile, sasa kimetengenezwa mara ya tatu.

"Kaa, wifi," akaniambia. "Nina vifungo vya kumalizia. Wewe niambie."

Kazi hiyo siiwezi, na nilimwambia hivyo. Hii ya tatu ni kimya kitupu, muziki hakuna, hata buti hazilii. Mara mbili aliniuliza kama televisheni imeharibika. Nikawa namwambia, "Amekaa. Bado amekaa. Wifi, huyu mtu amekaa tu." Akacheka kidogo, nami nikaanza kuona raha. Nikamweleza mabati yalivyopata kutu na ndevu zilivyoingia mvi. Mguu wake ukapunguza mwendo.

Tukafika mwisho. Fundi amekaa, anautazama mlango. Chumba kinaingia giza polepole, yanaanza kupita majina ya watu.

"Mlango umefunguka?" wifi akauliza bila kugeuka.

Mimi ni mtu wa msema kweli mpenzi wa Mungu, na zaidi ya hapo nilikuwa nimefurahi. "Haujafunguka," nikasema. "Hawa angalau wamekifuata kitabu."

Cherehani ikanyamaza. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akaikunja nguo vizuri mapajani.

"Hata zile mbili haufunguki," akasema. "Baada ya kumzika nilikigeuza kiti nikaziangalia zote. Ya zamani, kile kishindo cha mwisho ni upepo tu unapiga bati. Miaka yote alikuwa ananidanganya."

Akipenda, chongo huita kengeza, lakini kaka yangu hakuwahi kumdanganya mtu hata kipimo cha uzio.

"Kwa hiyo na hii umeshaiona," nikasema.

"Nimeiona juzi."

"Sasa umeniuliza ya nini?"

"Nilitaka kujua kama kuna mtu amebaki wa kunifungulia."

Nilitazama televisheni. Majina bado yalikuwa yanapita, ya watu chungu nzima, kwa filamu ya mtu mmoja.

"Hebu irudishe nyuma," nikamwambia. "Nafikiri sikuona vizuri."

"Umeona vizuri, wifi," akasema kwa upole, akachukua nguo nyingine na kukanyaga cherehani.