Homa Iliyofungia Ngege Mabao

Nikisikia harufu ya ngozi iliyopata joto, hofu hunirudia hata leo. Ni harufu ya redio ya baba. Alikuwa ameivisha koti la ngozi lenye matundu mbele, na kila Jumapili ya mpira alizitoa betri zake asubuhi na kuzianika juani, kando ya omena za mama, wale dagaa wa ziwani, ili zipate nguvu kidogo, maana betri mpya zilikuwa za mwenye duka na kuukuu ndizo zilizokuwa zetu. Ikifika saa tisa alasiri redio iliwekwa juu ya meza, wanaume wa mtaa wakaingia wakiinamisha vichwa mlangoni, na nyumba yetu ya chumba kimoja na nusu huko Nyalenda ikajaa jasho, moshi wa sigara na ile harufu ya ngozi. Watoto wengine wa Kisumu waliogopa viboko majini na fisi wa hadithini. Mimi, miaka ile ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka tisa, niliogopa mpira.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Kanisani alikwenda kwa ajili ya mama, lakini Ngege aliipenda kwa moyo wake mwenyewe. Ngege ni samaki mtamu wa ziwa letu, na ndilo jina watu walilokuwa wameipa timu ya mji. Baba alikuwa na maoni juu ya kila jezi. Kipa wetu, alisema, hutoka golini kama mtu aliyesikia akiitwa sokoni. Beki wa kulia alikuwa na nguvu za fahali na akili za fahali pia. Ila winga wa kushoto, kijana mwembamba wa Usenge, ndiye pekee aliyejua kwamba uwanja una pembe, na kocha aliyemweka benchi alistahili kufungwa kamba. Maoni hayo niliyarithi kama wengine wanavyorithi pua, na siyaachi: timu isiyo na winga wa kushoto ni mkokoteni wa gurudumu moja.

Msimu ule Ngege ilianza vibaya, kisha ikaamka. Zikabaki mechi chache, na timu moja ya Nairobi ikawa mbele yetu kidogo tu. Kisumu haikuwahi kulala karibu hivyo na kombe. Jumapili ya kwanza ya mbio hizo nilikuwa na malaria. Nilikuwa nimejilaza chini ya meza ya redio kwa kuwa saruji pale ilikuwa baridi, na juu yangu Ngege, iliyokuwa imefungwa mawili, ikarudisha yote na kuongeza la tatu. Jumapili iliyofuata nilikuwa mzima, nikacheza nje na wasichana mchezo wa kati, na tukatoka sare na timu ambayo baba aliiita ya makarani wenye vitambi. Jumapili ya tatu homa ikanirudia, nikarudi chini ya meza, tukashinda. Hapo ndipo Mzee Ochola, jirani yetu aliyestaafu kazi ya reli, alipoinama akanitazama kule chini kwa muda mrefu.

"Fundi," alimwambia baba, "hii mtoto yako ikilala na homa, Ngege inafunga. Wewe hujaona?"

Watu walicheka, na baba alicheka pia. Lakini kucheka ni kimoja na kusadiki ni kingine. Jumamosi iliyofuata alikuja kitandani kwangu mapema, akaweka kiganja chake chenye grisi juu ya paji langu. Lilikuwa baridi. Nilikuwa nikimtazama usoni, na nikaona kitu kidogo kikishuka pale, kama taa inayopunguzwa utambi. Siamini kama yeye mwenyewe alijua, lakini mimi niliona, na tangu asubuhi ile hofu ikanikaa. Kesho yake aliniomba nilale chini ya meza hivyo hivyo, nijifunike blanketi, "mchezo tu, nyara," akaniambia. Nyara ni binti yangu kwa lugha yetu. Nililala nikijikunja na kujitetemesha kwa makusudi, huku nikiomba Mungu asimwambie kipa kwamba nadanganya. Tukashinda kwa bao la jioni kabisa. Wanaume walipokuwa wakitoka, kila mmoja aliniachia neno. Mama mmoja muuza samaki alinishika shavu njiani akasema, "Mgonjwa wetu, usitupoteze Jumapili." Mji mzima, niliona, ulikuwa umekaa juu ya kifua changu.

Mechi ya mwisho ilikuwa huko Nairobi, dhidi ya wale wale waliokuwa mbele yetu. Tulitakiwa kushinda, sare isingetufaa. Siku ya Alhamisi homa ilinikamata kweli. Mama alininunulia vidonge vile vichungu vya malaria, akanihesabia vya siku tatu, kisha Jumamosi akaondoka kwenda Asembo Bay kuchukua samaki, akimwachia baba maagizo. Nilijua vidonge vile vilivyo: ukivimeza, siku ya tatu unaruka kamba. Basi kila nilipopewa, nilivificha kimoja baada ya kingine chini ya ulimi, nikanywa maji, nikafungua mdomo nikaguliwe, kisha nikavitemea kwenye ufa wa ukuta nyuma ya kitanda. Niliogopa sana kupona. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na mechi Jumapili.

Siku yenyewe nakumbuka upande wa chini wa meza kuliko kitu kingine. Nakumbuka msumari uliotokeza, na sauti ya mtangazaji ikienda mbali na kurudi. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Baba alikuwa akilalamika kwamba winga wa Usenge hapewi mipira. Kisha meno yangu yakaanza kugongana yenyewe, nikatapika juu ya viatu vya mtu, na nilipotaka kuomba radhi ulimi haukunitii. Mzee Ochola alinigusa, akauondoa mkono wake haraka.

"Fundi, hii si mchezo. Mtoto anaungua."

"Ngoja kidogo Bwana," alisema mwingine aliyekuwa ameegemea mlango, "imebaki dakika ishirini tu."

Baba alikuwa amekwishapiga magoti. Aliniuliza kama nilikunywa dawa. Nikamwonyesha ufa kwa kidole. Alichungulia, akaviona vidonge vyote vimekaa mle, na akanigeukia. Sijawahi kuona tena uso ule. Nilikuwa nimezoea kuogopa peke yangu; kumwona baba akiogopa kuliniogopesha kuliko homa. Alichukua leso ya mama, akanifunga mgongoni kama mama anavyombeba kitinda mimba, mimi msichana wa miaka tisa miguu ikining'inia, jambo ambalo mwanamume wa mtaa wetu asingethubutu kulifanya mbele za watu. Akapanda baiskeli.

Barabara ilikuwa tupu. Kila nyumba ilikuwa na redio, na zote zilikuwa zikisema jambo moja, hivi kwamba mechi ilitufuata mlango kwa mlango. Tulipokaribia mjini, nyumba zote zikalipuka kwa pamoja. Watu walitoka wakirusha kofia na masufuria, wakaizingira baiskeli, na mmoja akashika usukani akitaka baba acheze naye. Baba aliusukuma mkono wake akaendelea kukanyaga. Nilisikia mbavu zake zikipanda na kushuka.

"Tumefunga?" nilimuuliza.

"Nishike," akajibu. Hakuuliza mtu lolote.

Niliamka Jumatatu hospitalini, paja likiniuma kwa sindano. Baba alikuwa ameketi sakafuni. Kitu cha kwanza nilichouliza ni mechi.

"Walirudisha, kisha wakatufunga la pili," alisema taratibu. "Tumekosa kombe. Na wewe ulikuwa na homa kuliko siku zote. Umeona sasa? Homa haichezi mpira, nyara. Tulikuwa wajinga, mimi wa kwanza."

Nililia, na hakikuwa kilio cha huzuni. Uzito wote uliondoka kifuani, nikalala tena. Wauguzi hawakuzungumza mpira mbele yangu. Mzee Ochola alikuja na machungwa, akaketi kama aliyefiwa, akasema kipa ndiye mwenye makosa.

Ukweli niliupata wiki nyingi baadaye, katika gazeti lililofungiwa njugu. Nahodha wa Ngege alikuwa ameinua kombe, na pembeni yake winga wa Usenge, mfungaji wa bao la pekee, alikuwa akicheka. Nilizila njugu, nikalichana gazeti vipande vidogo, na sikumwambia mtu. Baba alikuwa amewaomba wauguzi, majirani na mama, na mtaa mzima ukanidanganya kwa heshima yake.

Siku hizi wajukuu wangu hutazama bao kwenye simu mara kumi, nao wana soksi zao za bahati na kiti kisichokaliwa na mtu. Nawatania, lakini mmoja akikohoa siku ya mechi mimi huwa wa kwanza kuizima simu, nao hunung'unika kwamba bibi hajui mpira. Ninaujua. Ngege imekaribia kombe mara mbili tangu hapo na ikalikosa, mara zote kwa kumdharau winga wa kushoto. Lile moja ndilo pekee baba alilopata kuliona zama zake. Aliishi miaka mingine thelathini, akibishana na kila mtu kuhusu kila mechi, na watu walipoutaja msimu ule mbele yangu alikuwa akiinama, akakaza nati ya baiskeli iliyokuwa imekaza tayari, akasema, "Mwaka ule tulifungwa."