Kunguru Hawasomi Vibao

Eti "ni mbwa tu, tutamtafutia mwingine." Ba'mdogo Lyall ndiye kasema hivyo, mdomo umejaa keki, kwenye meza ya dada yake mwenyewe. Nikamwambia tutoke nje tumalizane. Hakutoka. Shangazi Noelene alikuwa palepale anamimina chai, wala hakugeuka.

Basi ngoja niseme mimi, maana yeye hasemi.

Shangazi ana miaka sabini na moja. Thelathini kati ya hiyo kawapikia wanyoaji wa kondoo, banda hadi banda, wanaume arobaini wanaokula kama nzige. Alipomzika mumewe Russ akauza nyumba kubwa, akahamia kanyumba kadogo, akanunua karavani, kile chumba cha magurudumu unachokokota nyuma ya gari. Kila msimu wa baridi anaingia nacho nyikani na mbwa wawili. Tilly ni wake. Spana alikuwa wa Russ. Mzee alipofia hospitali, Spana alilalia buti zake siku tisa bila kula. Tangu hapo, ukimsikia Shangazi anamsimulia Spana habari za siku nzima, unajua anaongea na nani.

Mwaka huu goti lilimgomea, nikaenda kumwendeshea. Siku ishirini na mbili. Na siku zote hizo hakuna mbwa aliyeshuka garini bila kuvalishwa kifunga mdomo cha waya. Kule wenye mashamba wanatupa vipande vya nyama yenye sumu kuua mbwa mwitu. Getini wanaweka kibao chekundu, ukikiona ujue. Sumu yenyewe haina dawa.

Mimi nilikuwa nacheka. "Shangazi, hawa mbwa au wafungwa?"

"Wafungwa wana adabu kuliko wewe, Corey. Vaa kofia."

Siku ya mwisho tulipita kibao cha mwisho saa tatu asubuhi. Mbele kidogo kuna vile vyuma vilivyolazwa barabarani kuzuia ng'ombe. Kwetu ukivuka vyuma umetoka kwenye shamba la mtu, na mambo yake umeyaacha nyuma. Kila mtu anajua hivyo. Upande wa pili hakukuwa na kibao. Tukasimama kunywa chai, nikakaanga soseji zilizobaki.

Spana akawa ananitazama na ule waya usoni, mate yanadondoka.

"Mfungue bwana," nikasema. "Tumeshavuka vyuma. Leo tunarudi nyumbani, mzee wa watu ale kwa raha."

"Subiri lami."

"Lami iko mwendo wa saa nzima! Unaogopa kivuli, Shangazi. Mzee Russ angeshamfungua."

Hilo la Russ nililisema mimi. Sikatai.

Shangazi akaweka kikombe chini. Akawafungua wote wawili.

Spana alikula soseji mbili, akaenda kunusanusa kwenye kichaka walipokuwa kunguru wanagombana. Tilly alibaki miguuni kwetu. Spana akarudi anajilamba.

"Kala nini huyo?" Shangazi akauliza.

"Mjusi mkavu. Twende."

Tulikuwa tumeshaingia kwenye lami alipoanza. Hakubweka. Alilia, sauti ambayo sikujua mbwa anayo. Nikasimamisha gari, akatapika mlangoni, akaruka, akakimbia akizunguka, akagonga uzio, akainuka, akakimbia tena kama haoni. Shangazi akamfuata na goti lake bovu. Simu haishiki. Daktari wa mbwa yuko mwendo wa saa nne. Mimi nilikuwa naipiga tairi mateke natukana. Yeye hakupiga hata ukelele. Alimshika, akakaa naye chini barabarani, kichwa mapajani, mpaka miguu ikaacha kutupatupa.

"Mvalishe Tilly waya," akaniambia. "Asilambe yale matapishi."

Nikamvalisha.

"Gesi ulizima, pale tulipokunywa chai?"

"Nilizima."

"Haya."

Akaleta mkeka wa mlangoni wa karavani, tukamviringisha humo. Nikataka kusema samahani. Akasema yeye, anaangalia vidole vyake:

"Kunguru hawasomi vibao. Wanaokota nyama kule, wanaidondosha huku. Nimelijua hilo miaka arobaini."

Basi. Niliendesha saa nne nyingine. Kituo cha mafuta alishuka akaninunulia pai ya nyama, akakaa ananiangalia nikiila. Nilikula yote. Sijui ilikuwa na ladha gani.

Tulimzika nyuma ya nyumba kabla giza halijaingia. Alimwekea buti za Russ. Kisha akaenda kuosha vikombe.

Hiyo ni wiki mbili sasa. Karavani iko uani, vumbi halijafutwa. Waya wa Spana unaning'inia garini na hakuna anayeutoa. Shangazi anapika, anafagia, anasema haya. Na Tilly haongeleshwi. Mimi nikijigusa sisikii kitu, mpaka mtu aseme "ni mbwa tu", hapo ndipo damu inanichemka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, unayepakia mbwa kwenda kule: mvalishe waya. Vyuma havizuii kitu, ni vya ng'ombe. Soseji atakula nyumbani. Akija mjinga kama mimi kukucheka, mwambie anyamaze, na usimvue mbwa wako mpaka ufike mlangoni kwako.