Chungu Shavuni

Harufu ya udongo unapoanza kushika moto bado inanishtua. Wenzangu wakiisikia wanakumbuka mboga za mama zao. Mimi nakumbuka ilivyobaki kidogo nirudishwe Turiani.

Nilizaliwa huko, kwenye kambi ya wakata miwa. Mama alipofariki, mjomba akanileta Matombo, maana sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Damu ilikuwa yao, lakini midomo haikujali. Mtoto wa kambini, walisema, ni mwizi tu. Sukari ikipungua, ni mimi. Kuku asiporudi jioni, ni mimi. Na mimi nikawa nawatazama kwa jicho la pembeni. Mtu akinipa ndizi, naigeuza kwanza nione ina nini.

Mke wa mjomba akanipeleka kwa Bibi Skola, mfinyanzi, nikamchambulie vijiwe kwenye udongo. Bibi yule alinipokea kama mtu aliyekuta nyoka kajikunja mlangoni.

Vyungu vya udongo niliouchambua vilipoingia motoni, vikaanza kupasuka. Pa! Pa! Wanawake waliokuja kuchoma pamoja naye, mke wa mjomba akiwemo, wakaacha kuongeza kuni. Kwetu chungu kikipasuka motoni, hutafutwa mwenye mkono mbaya.

"Si huyo hapo?" akasema mke wa mjomba. "Nilisema mimi, mkanicheka. Kesho anapanda gari, arudi kwenye miwa yake."

Mjomba mwenyewe alikuwa shamba. Sikuwa na wa kunitetea.

Bibi Skola akanyanyua chungu kilichokuwa bado hakijachomwa, akakiweka shavuni kwake. Halafu akaja akakibandika kwenye shavu langu.

"We mtoto, unasikiaje?"

"Baridi, bibi."

"Baridi ni maji hayo, hakijakauka. Ukungu haujatoka mlimani wiki nzima, na mimi naharakia gulio la Mkuyuni." Akawageukia wenzake. "Haya, mkono mbaya ni wangu. Nani ananipandisha gari?"

Mmoja akakohoa. Mke wa mjomba akakumbuka ana maharage jikoni.

Msidhani bibi alinikumbatia. Aliendelea kunichungulia, na nikitoka jikoni kwake ananusa vidole vyangu. Kwa hilo nilimchukia sana. Nimekuja kuelewa nikiwa na wajukuu: wale wengine hawakunitilia shaka hata kidogo. Walikuwa na hakika. Mwenye shaka alikuwa yeye peke yake, na mtu mwenye shaka huangalia.

Siku hizi naletewa wasichana kutoka Morogoro mjini niwafundishe kufinyanga. Nywele nyekundu, shikamoo inapita katikati ya jojo wanayotafuna. Siwaamini, na ninawaambia hivyo hivyo usoni. Kisha nachukua chungu kibichi, nambandikia mmoja shavuni, nisikie yeye mwenyewe atasema nini.