Kikapu Changu na Jua la Ijumaa

Jamani, leo jua limenikamata kwenye foleni ya kupimisha majani chai!

Sisi Wasabato, jua la Ijumaa likizama, kazi imekwisha. Lori la kiwanda nalo halijafika. Nikirudi nayo majani nyumbani, yataharibika. Nikibaki nimevunja Sabato, na mzee wa kanisa amesimama nyuma yangu!

Jirani yangu Mkatoliki, Mama Kerubo, akacheka. "Wewe enda ukaombe. Nitakupimia."

Kabla sijamshukuru, mzee akasukuma kikapu chake mbele. "Na changu pia, mama."

Sasa niko nyumbani. Tumeimba, wote wamefumba macho. Masikio yangu yako barabarani, yanangoja lori.

Niambieni ukweli: Sabato nimeitunza, ama nimemtuma Mama Kerubo aivunje kwa niaba yangu?