Msumari wa Rotich na Beringi za Jelagat

Saa mbili asubuhi, Kitale. Fundi Jelagat amelala chali chini ya pikapu, miguu nje, tochi mdomoni. Hatua moja kutoka kwenye viatu vyake, Rotich ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na hapepesi macho.

Mfukoni ana msumari wa inchi sita. Kila spea inayoingia kwenye gari lake huichora herufi R, isije ikabadilishwa. Majirani zake wa Kaptama wanaapa kwamba hata mbuzi wake huwahesabu kabla ya kumsalimia mgeni, kisha tena mgeni akiaga.

“Mimi nilileta gari kwa sababu ya kamshafti,” analalamika. “Mbona unafungua huku chini?”

Kamshafti ndicho chuma kinachofungua na kufunga valvu za injini. Rotich ananunua kubwa zaidi ili gari lipate nguvu. Hupeleka vitunguu soko la Chwele na kurudi mlimani na mbolea, na huo mlima ndio unaomwaibisha. Inasemekana konokono mmoja alimpita pale kwenye kona, kisha akageuka kumpa pole.

Lakini Jelagat alipomwaga oili aliona inametameta kwa unga wa chuma. Akafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, akatoa beringi moja ya krankshafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani. Beringi yenyewe ni kipande chembamba cha nusu duara. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imelika hadi shaba ikatokea.

“Baba, hii imeisha,” anamwambia. “Nikiweka kamshafti kubwa juu ya beringi mbovu, injini itagonga kabla hujafika nyumbani.”

“Ati imeisha! Nyinyi mafundi mkifungua boliti moja, gari lote limeisha.” Rotich anamnyang'anya beringi, anaitumbukiza ndani ya soksi. “Hii nampelekea Kalasinga wa Bungoma.”

“Basi twende wote. Sijui utamwonyesha gani.”

Jelagat, 38, ana sababu ya kushuku. Mwaka jana mteja mmoja alikataa beringi mpya, injini ikafia njiani, naye akatangaza soko zima la Chwele kwamba mwanamke ndiye aliyeiua. Kwa miezi minne gereji ilipata gari moja kwa wiki. Leo siku njema humpa shilingi 1,500.

“Injini ikikufa, hakuna anayeuliza mwenyewe alikataa nini,” anasema. “Wanauliza tu nani alishika spana.”

Hivyo wakasafiri hadi Bungoma, soksi mapajani mwa Rotich, macho ya Jelagat kwenye soksi.

Tarlochan Singh, huyo Kalasinga, amesaga krankshafti kwa miaka arobaini. Aliipokea beringi, akaipitishia ukucha, akaguna. Kisha akaigeuza. Mgongoni kulikuwa na kitu kilichogandamana na oili nyeusi. Akakibandua kwa kisu kidogo, akakifuta kwa kitambaa.

Kilikuwa kipande cha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia. Nusu ya ua la alizeti bado ilionekana.

Rotich akaruka. “Si nilisema! Huyu mama ameniwekea bati!”

“Mimi? Nimeitoa leo asubuhi ukiniangalia hadi kwenye meno!”

“Ngojeni kwanza, bwana,” Tarlochan akasema, akiinua bati kwenye mwanga. “Beringi ikilegea, fundi mvivu anaibana na bati nyuma. Lakini hii iko na sahihi.”

Pembeni mwa ua la alizeti palichorwa R, mguu wake mmoja mrefu kama mkia.

Rotich akaketi. Fundi wa barabarani, mwaka juzi, alimwambia kipande hicho ndicho beringi ya ndani. Naye kwa uangalifu wake wote akakichora, asiibiwe.

“Nilimlinda huyo mwizi siku nzima,” akanong'ona. “Hata chai nilimnunulia.”

Tarlochan akacheka hadi kilemba kikalegea. Alipopata pumzi akamuuliza Jelagat krankshafti ikoje. Jelagat akasema ameipapasa, haijachimbika; kuisugua kidogo kunatosha.

“Basi weka mpya,” Rotich akasema. “Zote. Lakini nitazichora.”

“Hapana, Baba. Ukikwaruza mgongo wa beringi haikai vizuri. Zitaharibika kabla sijawasha. Lete huo msumari, ama utafute fundi mwingine.”

Rotich alisita kwa muda ambao ungetosha kumenya gunia la vitunguu. Kisha akautoa mfukoni, akamkabidhi.

Sasa msumari umefungiwa kwenye droo ya spana Kitale, na bati la alizeti limetundikwa ukutani ambapo kila mteja ataliona. Jumamosi pikapu, ikiwa na beringi na kamshafti mpya, itajaribiwa, mbolea ikiwa imejaa, kutoka Chwele hadi Kaptama, kisha irudi sokoni. Rotich ameshikilia kwamba Jelagat apande naye, na Jelagat amekubali. Anataka wauza vitunguu wote wamwone akishuka mzima, maana anapanga kufungua gereji ya pili papo hapo Chwele, kwenye soko lililomtukana.

“Nitakaa mbele, nisikilize,” anasema akipangusa mikono. “Ikipanda mlima wote bila kugonga, namrudishia msumari wake. Ingawa najua, bana, mwingine ameshanunua.”