Mtamba wa Mahari na Mfuko wa Pumzi

Aibu hii ni yangu, lakini ukiwauliza shemeji zangu wa Nyamigogo watakusimulia vizuri kuliko mimi, tena huku wameshika mbavu.

Nilikuwa bwana mifugo msaidizi huku Biharamulo, wakati wa vita, na kazi yangu ilikuwa kuwavisha ng'ombe kinyago cha mpira chenye mfuko wa kukusanya pumzi, maana kwa pumzi hiyo wakubwa wangu walijua mwili unatoa joto kiasi gani. Wa kijiji cha ujamaa nilishawapima wote wakiwa wamesimama. Nilichokosa ni mmoja aliyetoka kupanda mlima. Sasa siku tunapeleka mtamba wa mahari kwa kina Festina, mchumba wangu (na ule mlima wao mnaujua), nikajiambia, si huyu hapa? Nikamvisha nyuma ya migomba yao, kitambo kidogo tu!

Mtamba kuona mfuko unavimba chini ya kidevu, akanichoropoka, akaingia uani mbio, akaangusha mtungi wa pombe ya ndizi, wazee wakatawanyika na mirija yao mkononi.

Baba mkwe akamgeukia mshenga wetu. "Ng'ombe wenu amevaa nini?"

Mshenga hakujua lolote, na kwetu bwana harusi hafungui mdomo siku hiyo hata akiumwa na siafu. Akakohoa. "Ni... ni heshima, mzee."

"Heshima ya puani?"

Shangazi yake Festina akapiga yowe, "Gesi hiyo! Ya vita! Iteni mgambo!"

Nikashindwa kuvumilia. "Shikamoo baba, napima pumzi yake tu!"

Wote wakanigeukia.

"Marahaba," akasema baba mkwe. "Ng'ombe mzima hapimwi pumzi. Mrudisheni mgonjwa wenu, na binti yangu haondoki hapa."

Njia nzima mshenga alinifokea, "Ungenyamaza! Ile heshima walikuwa karibu kuikubali!"

Ilibidi baba yangu atoe mtamba mwingine, aliyekuwa akimtegemea kwa maziwa akishazaa, pamoja na mtungi wa kuomba radhi, ndipo nikampata Festina. Yule "mgonjwa" alizaa na kuzaa, mpaka baba mkwe akaanza kumuulizia kwa aibu aibu. Na kipimo chenyewe? Mfuko ulipasukia kwenye miiba, sikupata hata pumzi moja.

Mpaka leo nikikoroma Festina ananipiga kiwiko, "Baba Adela, ulete ule mfuko." Nami nimeapa: ng'ombe wa mahari hata ahemeje, mimi natazama migomba.