Moto wa Fundi Theonest

Theonest alikuwa na mazoea ya kuinamisha kichwa kila alipopita mlangoni, hata mlango wa kanisa ambao ungepitisha lori. Wageni wa Temeke walidhani ni unyenyekevu. Majirani walijua ni banda lake. Alikuwa amelijenga mwenyewe, akaliegemeza kwenye ukuta wa nyumba na kuliezeka kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na paa lilikaa chini hivi kwamba mtu aliweza kugusa boriti bila kunyoosha mkono. Humo alikuwa ameranda mbao miaka kumi na minne.

Mkewe, Kokushubila, alipika upande wa pili wa ukuta huohuo. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Kwa sauti ya msumeno alijua kama mumewe amekasirika, na kwa sauti ya randa alijua kama ubao ni mzuri.

Mwaka ule wa 1953 binti yao Genoveva alikuwa aolewe Jumamosi ya juma la Pasaka. Theonest alikuwa ametamka mbele ya wakwe kwamba mwanawe ataondoka na kabati la mninga lisilo na msumari hata mmoja, na tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyebeba yai. Kisha masika yakawahi. Gundi iliyokuwa ikikauka kwa usiku mmoja mwezi wa Januari sasa ilikaa siku tatu ikiwa laini kama uji. Milango aliyoiunga asubuhi iliachia jioni. Kokushubila alimshauri atie misumari miwili mitatu, mahali pasipoonekana. Theonest alimjibu kwamba hajengi banda la kuku.

Hapo ndipo alipokumbuka nyumba ya mama yake huko Bukoba. Ilikuwa msonge wa nyasi, moto ukiwaka katikati mwaka mzima, na kuni zilizowekwa darini zikikauka hata mvua inyeshe mwezi. Akaona dawa ameipata. Alichagua mkaa badala ya kuni ili moshi usiuchafue mninga. Jumatano ya Juma Kuu aliingiza jiko bandani, akaziba dirisha kwa gunia, akafunga mlango na kupenyeza kitambaa chini yake ili joto lisitoroke.

Mvua ilikuwa ikipiga madebe. Kokushubila alikuwa amekaa na ungo wa mchele, akitoa mawe. Alisikia msasa ukienda na kurudi, kisha ukienda polepole, kisha ukanyamaza. Hakushtuka, mumewe alikuwa na tabia ya kusimama na kuitazama kazi yake kama mtu anayetazama mtoto aliyelala. Lakini alipomaliza mchele wote, kimya kilikuwa kilekile. Aliita. Aliita tena. Akautupa ungo, akausukuma mlango kwa bega.

Theonest alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kabati, uso umetulia kama wa mtu anayeota. Kokushubila alimshika makwapani akamburuta hadi uani, kwenye mvua. Muda ulipita kabla hajatapika, na mwingine kabla hajafumbua macho.

"Gundi imeshika?" aliuliza.

Kokushubila aliketi matopeni akalia, kisha akampiga kofi la bega. Aliingia bandani, akamwagia maji jiko, akafunga kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Alimwambia mumewe kwamba Genoveva anaweza kuolewa bila kabati, ila si bila baba.

Asubuhi yake Theonest, kichwa bado kikimgonga, alikwenda kwa Shomari, mzee wa nyumba ya tatu aliyefua bati na kutengeneza vibatari. Alimwamkia, akamweleza yote. Shomari alikuja, akakagua banda kwa nje, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mhaya wewe, umeingia ndani ya debe ukawasha mkaa. Ulitaka kukausha kabati au kujikausha mwenyewe?"

"Kwetu moto unalala ndani, mzee wangu. Sijaona uliomuua mtu."

"Kwenu paa ni nyasi, linapumua. Hapa umejifunika sufuria. Na kuni zina adabu, moshi wake unabisha hodi, unakohoa, unatoka. Mkaa unaingia kimya."

Kokushubila, aliyekuwa amesimama kando, aliuliza jambo moja tu: kama upo moto ambao hautamchukua. Shomari aliacha kucheka. Alisema upo, lakini unataka njia ya kuingilia hewa na njia ya kutokea, na kwamba paa litatobolewa. Kokushubila akafungua pindo la khanga.

Walifanya kazi Alhamisi ile na Jumamosi. Ijumaa mmoja alikwenda msikitini na mwingine kwenye Njia ya Msalaba. Shomari alikata pipa dogo akalifanya jiko lenye mlango, akaliweka juu ya mawe, mbali na ukuta. Juu yake, chini ya boriti, alining'iniza bati bila kuligusisha mti. Bomba la moshi alilipitisha paani ndani ya bomba jingine pana zaidi, ili lenye moto lisikaribie ubao. Alitoboa ukuta chini, karibu na mlango, na juu, karibu na paa. Maranda yote yalifagiliwa, na vanishi ikahamia uani.

Kisha akawasha makumbi mabichi ya nazi, kusudi moshi uonekane unakokwenda. Ulizunguka kidogo, ukarudi usoni mwao. Bomba lilikuwa fupi kuliko paa la nyumba, na upepo uliusukuma chini. Akaliongeza urefu wa mkono na nusu. Safari hii moshi ulinyooka juu, na Kokushubila, uani, aliutazama mpaka shingo ikamuuma.

Hata hivyo alitoa sharti. Mlango uwekewe jiwe, usifungwe. "Na kila ukimaliza kipande, gonga ukuta mara mbili. Nisiposikia, naja na ndoo ya maji, na kabati lako litalowa."

Gundi ilishika. Kabati lilitoka siku moja kabla ya harusi, bila msumari, na wakwe waliligusa huku na huku wakiutafuta.

Masika yakaisha, jiko likapoa, likawekwa mikebe. Lakini Theonest aliendelea kugonga. Mwaka uliofuata Genoveva alikuja na mtoto mgongoni, akasikia ngo-ngo ukutani, akamuuliza mama yake kuna nini. Kokushubila aliinua mwiko, akagonga sufuria mara moja, akaendelea kukoroga.